RANGI IKIUNGUA, NANI ALIPE?



Mwezi uliopita lilitufikia jambo la ndugu mmoja wa chama chetu ambaye kazi yake ni kupiga polishi kwa mashine katika gereji moja ya mjini. Aliletewa gari nyeusi ya mteja, na kwenye ukingo wa bonneti mashine ikala rangi mpaka ikaonekana ya chini. Mwisho wa mwezi alipofungua karatasi yake ya mshahara alikuta Shs. 9,000/- zimekatwa, na kando yake yameandikwa maneno mawili tu: "Rangi, bonneti." Hakuulizwa neno wala hakuitwa ofisini. Karani alimwambia kwamba mwezi ujao zitakatwa nyingine kama hizo, na mwezi wa tatu vile vile, mpaka gharama ya kupaka bonneti upya imekwisha. Siku hizo ndipo shule ilipokuwa ikidai karo ya mtoto wake.

Jambo hili liliposemwa katika mkutano wa tawi, twasikitika kwamba si wote waliokuwa upande wake. Wako walionena kwamba aliyeharibu alipe, kwani mali ya mtu si ya kuchezea. Hata mzee mmoja wetu, aliyeshika bunduki ya kupulizia rangi kabla baadhi yetu hatujazaliwa, alisema hivyo. Kwa hiyo imetulazimu kuandika, na tuanze na kazi yenyewe, maana asiyeijua hudhani rangi ya gari ni kitu kinene kama rangi ya ukuta.

Sivyo. Gari zitokazo viwandani siku hizi zina rangi ya matabaka. Chini kabisa ni lile la kuzuia kutu, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, na juu ya yote tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Matabaka yote pamoja huwa kama mikroni 100 mpaka 150, na mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Karatasi hii unayoishika, ndugu, ina unene wa mikroni 100 hivi. Klia peke yake ni kama 40 au 50, yaani nusu ya karatasi, na mashine ya polishi hufanya kazi yake yote ndani ya nusu hiyo. Watu hufikiri mashine inapaka kitu. Haipaki, inakata. Mkwaruzo huondoka kwa sababu klia iliyo kando yake imepunguzwa mpaka ikalingana na chini ya mkwaruzo. Basi kila polishi ya kukata, hata ile nzuri ya kusifiwa, huiacha klia nyembamba kuliko ilivyoikuta.

Sasa zifikirini gari zetu za Kenya. Nyingi zinakuja zimekwisha tumika, kutoka Japani kwa bandari ya Mombasa. Pengine zimepigwa polishi huko. Hupigwa tena zikiwa zinauzwa, ili zing'ae machoni mwa mnunuzi. Naye mnunuzi hupenda kuipeleka gari yake ikang'arishwe kila ifikapo arusi ya jamaa. Hakuna kitabu kinachoandika imekatwa mara ngapi. Ndugu yetu alipoweka mashine juu ya bonneti ile huenda alikuwa mtu wa tatu au wa tano kuikata klia hiyo hiyo, na yeye ndiye aliyefika mwisho wake. Je, alipie na kazi ya wale waliomtangulia?

Kipo chombo kidogo cha kupimia unene wa rangi, ambacho huwekwa juu ya bati na kutaja hesabu. Hutaja matabaka yote pamoja, si klia peke yake, wala cha kawaida hakifai kwa bampa za plastiki. Lakini kingemwonyesha kwamba bonneti ni nyembamba kuliko milango, naye angepunguza mkono. Katika gereji ile chombo hicho hakipo.

Tena iko habari ya kingo. Rangi ikiwa bado majimaji hukimbia penye ukingo na kukaa haba, na pamba ya mashine ikipita hapo hugandamiza mahali padogo kwa nguvu zake zote. Mafundi wenye busara hufunika kingo kwa tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Mashine yenyewe nayo ni ya namna mbili. Ile inayozunguka tu, ambayo huenda kama mizunguko 600 mpaka 3,000 kwa dakika, hukata upesi, lakini ikikaa mahali pamoja kwa muda mfupi huleta moto wa kuunguza. Ile nyingine inayozunguka huku ikitikisika ni ya polepole na haichomi upesi, nayo ndiyo ifaayo kwa mwanafunzi. Wenye gereji wengi hununua ya kwanza, kwa kuwa gari hutoka mapema.

Na ndugu yetu alifanya kazi yake wapi? Uani, saa saba za mchana, jua la utosi, juu ya bati jeusi ambalo lilikuwa moto hata kabla mashine haijaligusa, na dawa ya kukatia ikikauka mara inapopakwa. Mnyapara alikuwa amesema anataka gari tatu kabla ya saa tisa. Tepu ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyotangulia, na aliyeitaka aliambiwa aangalie macho yake. Alipoona pamba nyeupe imeanza kuwa nyeusi alijua klia imekwisha, akazima mashine, akaenda kusema. Hapo tunamsifu. Tunawajua wengine, wala hatutawataja, ambao wangepaka nta nzito mahali pale na kumpa mteja ufunguo kwa tabasamu, nta ikapukutika baada ya wiki mbili na gereji nzima ikaitwa ya wezi.

Tumjibu sasa yule mzee wetu, kwa heshima yake. Mzee, gari mia zikitoka zinang'aa, faida yote huingia mfuko wa mwenye gereji, wala hatujasikia fundi ameongezwa mshahara kwa ajili yake. Gari moja ikiungua, hasara iwe ya mshika mashine? Anayekula faida ya biashara ndiye mwenye kubeba na hatari zake, naye anaweza kukata bima, anaweza kuiweka hatari hiyo katika bei ya kazi. Fundi wa mshahara hawezi hata moja la hayo. Na wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema mwanafunzi wa mhunzi auze mbuzi wake alipe koleo.

Sheria nayo haiko upande wa karani yule. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yataja fedha ambazo mwajiri aweza kukata katika mshahara. Kwa habari ya mali iliyo mikononi mwa mwajiri ikaharibika, yaruhusu kiasi cha haki tu, tena pale uharibifu ulipotokana na kosa la mfanya kazi la kukusudia. Neno hilo la kukusudia lisomwe mara mbili. Gari ya mteja iliyo katika gereji imo katika maneno hayo, lakini mtu aliyeteleza mkono akifanya kazi aliyotumwa, kwa mashine aliyopewa, hakukusudia. Na hata makato yakiwa ya halali, yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Lakini tusidanganyane, maana chama kinachowaambia watu nusu ya habari kinawapoteza. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 44, yahesabu katika makosa makubwa kufanya kwa uzembe kazi ambayo ilipaswa kufanywa kwa uangalifu, na kwa kosa la namna hiyo mtu aweza kufukuzwa mara moja. Mwajiri asiyeweza kukukata mshahara aweza kujaribu njia hiyo. Hapo shika kifungu cha 41: kabla ya kukufukuza ni lazima akueleze sababu zake kwa lugha unayoifahamu, na unayo haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzako au mwakilishi wa chama aliye hapo kazini, mkasikilizwa. Usiende ofisini peke yako. Usitie sahihi karatasi ya kukubali deni kwa hofu, halafu ukaileta kwetu jioni.

Na kwa kuwa tunasema kweli, tuiseme na ya upande wetu. Mtu anayeegemea mlango wa gari amevaa mkanda wenye bakoli ya chuma, au pete kidoleni. Anayeangusha pamba chini, akaipangusa kwa suruali na kuirudisha kwenye mashine na changarawe zake. Anayewasha mashine ilhali amekesha ulevini, huyo asije akatuambia ilikuwa bahati mbaya. Tutasimama naye asikilizwe, kwa maana ni haki yake, ila hatutamsemea uongo.

Wazee wetu walifanya kazi chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, ambayo kwayo mtu aliyevunja mkataba wa kazi aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Sheria ile ilikwisha ondoka, lakini tukitazama maneno yale mawili, "Rangi, bonneti," twaona baadhi ya maofisi bado yanakaa katika mwaka ule.

Tunalotaka liingie katika mapatano yetu na wenye gereji si kubwa. Gari ikiletwa, itazamwe mbele ya mteja na kupimwa rangi, makovu yake yaandikwe katika kadi, na mteja atie sahihi. Aambiwe mapema kwamba rangi ikiwa nyembamba haitakatwa, hata akitaka kulipa zaidi. Tepu iwe kama sabuni, kitu kisichoombwa. Polishi ipigwe kivulini. Na fundi akisema bonneti hii haiwezi kukatwa tena, mnyapara asimwite mvivu. Chombo cha kupimia kikinunuliwa mara moja hutumika kwa miaka, bali bonneti moja ikipakwa upya hula faida ya polishi za siku nyingi, na hesabu hiyo mwenye gereji anaiweza kuliko sisi.

Kwa habari ya ndugu yetu, chama kimempelekea mwajiri wake barua ya kudai zile Shs. 9,000/- zirudishwe na makato ya mwezi huu yasimame. Mpaka tunapopiga mashine karatasi hii hakuna jibu. Mwenyewe yuko kazini, na juzi alipewa gari nyekundu. Ndugu yeyote mwenye karatasi ya mshahara iliyokatwa kwa namna hii aitoe kopi na kuipeleka kwa mwakilishi wake kabla ya mkutano wa tawi wa Jumamosi, hata kama makato ni ya mwaka jana.