Abiria wa daraja la tatu naye ana jina

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiwanda cha Meyer Werft kiliunda meli, kikaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yaliletwa Dar es Salaam, yakapelekwa Kigoma, na huko meli ikaunganishwa upya. Wafanyabiashara wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wanaijua kwa jina la Liemba. Kiwanda kile kile bado kipo Papenburg, na kazi yake kubwa siku hizi ni meli za kitalii, zile zinazofanana na hoteli ya ghorofa iliyowekwa juu ya maji. Mojawapo ni Quantum of the Seas, iliyokamilika mwaka 2014, inayobeba abiria zaidi ya 4,000.

Msomaji ataniuliza meli za starehe zinamhusu nini mama anayevusha dagaa. Ni kweli, sisi huziona zinapotia nanga Mombasa au Zanzibar, wageni wakashuka na kofia zao, wakanunua vinyago, wakaondoka jioni. Mimi pia sikuwa na haja nazo, mpaka nilipoanza kusoma kanuni zake wakati nikifuatilia usafiri wa majini katika eneo letu. Bwawa na bendi ya muziki nimeviacha kando. Kilichonishika ni namna wanavyomtendea abiria anayerudi mara kwa mara.

Kampuni ya Royal Caribbean humhesabia abiria pointi kwa kila usiku anaolala melini. Akifikisha pointi 3 anaingia ngazi ya kwanza, wanayoiita dhahabu. Akifika 30 anakuwa platinamu, 80 almasi, na mwenye 700 yuko kileleni. Anayelipia chumba cha kifahari huhesabiwa maradufu, lakini hata aliyelala chumba kisicho na dirisha huhesabiwa. Kadiri anavyopanda, ndivyo anavyopata vijizawadi: vinywaji vya bure kila siku, bei ya punguzo, kipaumbele cha kupanda na kushuka.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Mfanyabiashara anayetoka Bukoba kwenda Mwanza kila wiki kwa meli analala majini usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi. Kwa mwaka ni zaidi ya usiku 100. Kwa kipimo cha Royal Caribbean angekuwa almasi kabla mwaka haujaisha, na katika mwaka wa saba angefika kileleni, mahali ambapo matajiri wastaafu wa Marekani hufika baada ya maisha mazima ya kusafiri. Huyu ndiye mteja mwaminifu kuliko wote katika Ziwa Victoria. Mzigo wake huendelea hadi Mutukula na kuingia Uganda, au hushuka Mwanza na kutawanyika hadi Shinyanga. Anasafiri mvua na jua, msimu wa watalii na usio wao. Na hakuna anayemjua.

Siwaonei wivu vinywaji vyao vya bure. Ninachokitamani ni kile kinachotangulia kinywaji: ili upewe pointi, lazima kwanza ujulikane umo melini. Jina lako liandikwe, chumba chako kijulikane, siku uliyopanda na siku uliyoshuka zibaki kwenye daftari. Hizo zawadi ni njia ya biashara, sina shaka, lakini chini yake kuna orodha sahihi ya watu.

Nitairudia orodha hiyo. Kwanza niseme kuhusu kanuni, maana nazo zina mafunzo, na baadhi zitawachekesha.

Kwenye meli za Carnival, ukitandika taulo lako kwenye kiti cha kando ya bwawa kisha ukaenda zako, mfanyakazi hubandika karatasi yenye saa. Dakika 40 zikipita hujarudi, vitu vyako vinaondolewa, mwingine anakaa. Niliposoma hilo nilikumbuka kanga. Nani kati yetu hajawahi kupanda meli na kukuta benchi zima limelazwa kanga tatu na ndoo moja, na mwenyewe yuko chini gatini anabishana na hamali? Kumbe tabia ni moja, wa taulo na wa kanga. Tofauti ni kwamba kule kanuni imeandikwa na ina dakika zake. Kwetu anayeamua ni mwenye sauti kubwa.

Kule pia huruhusiwi kuingia na pasi ya nguo wala mshumaa. Wapo abiria wanaoona ni uonevu. Lakini Machi 2006 meli ya Star Princess iliwaka moto ikiwa karibu na Jamaika, vyumba vingi vikateketea na abiria mmoja akafa, na kilichoshukiwa ni kipisi cha sigara kilichotupwa kwenye roshani. Kwetu pasi si tatizo. Tatizo ni dumu la petroli lililofichwa katikati ya magunia ya mkaa, na mwenye dumu anafahamika kwa kila mtu isipokuwa nahodha.

Halafu kuna bakshishi. Kampuni nyingi za meli za kitalii hukata bakshishi ya wafanyakazi kwa siku, kiasi kimoja kwa kila abiria, na unakijua kabla hujapanda. Kinaandikwa kwenye hesabu yako. Abiria wengi hulalamika kwamba ni ghali, na hawajakosea. Lakini ni bei inayojulikana, huwezi kukutana nayo kwa mara ya kwanza katikati ya ziwa.

Katika safari moja, kwenye meli ambayo sitaitaja, nilikaa karibu na mama mwenye magunia manne ya dagaa. Alikwisha kulipia mizigo gatini na risiti alikuwa nayo. Meli ilipoondoka, kijana mmoja mwenye sare akamjia. "Mama, mzigo wako umezidi, umeziba njia." Mama akamjibu, "Mwanangu, wiki iliyopita uliupitisha huu huu." Kijana akanyamaza kidogo, akasema wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita. Pesa ikatoka kwenye kitambaa, risiti haikuandikwa, na magunia yakabaki pale pale, yameziba njia ile ile.

Hapo pana makosa mawili, na wengi hutaja moja tu. Kijana alikula pesa. Lakini magunia nayo yalikuwa yameziba njia kweli, na njia ile ndiyo ya kutokea endapo meli ingepata hitilafu usiku. Bei ya siri haikuondoa hatari, ilihalalisha hatari kwa usiku mmoja. Ndiyo maana nasema wafanyabiashara ndio wangenufaika zaidi na kanuni kali iliyoandikwa ukutani, pamoja na bei yake, kuliko huu uhuru wa kuelewana na mtu mmoja mmoja.

Kitu kingine niliona safari ile. Magunia yote manne ya yule mama yalikuwa na jina lake na namba ya simu, kwa wino mzito, ili yasipotee. Tiketi yake haikuwa na jina.

Turudi basi kwenye orodha. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia. Ilikuwa na watu zaidi ya 4,200, na 32 walikufa. Nahodha alifungwa jela, na alistahili. Ilibainika pia kwamba mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hiyo katika bandari ya Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi la kuokoa maisha, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu zoezi hilo lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Sheria ya kimataifa ikabadilishwa: tangu Januari 2015, kwenye meli za namna hiyo abiria wapya wafanye zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Tajiri wa almasi na aliyelala chumba kisicho na dirisha wote wanaelekezwa mahali pao pa kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi okozi. Zoezi hilo halina daraja la kwanza. Asiyehudhuria anaweza kushushwa.

Angalia jambo moja zaidi. Pamoja na fujo yote ya usiku ule, ilijulikana nani alikuwa ndani. Waliotafutwa walitafutwa kwa majina, mpaka wa mwisho.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Orodha ya majina ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na mpaka leo hesabu inayotajwa inategemea unamuuliza nani. Mnajua nani husafiri daraja la tatu kwenye njia ile. Ni wenye ndizi, wenye kahawa, wenye mitumba, vijana wanaosindikiza mizigo ya matajiri wao.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kufika Ukara kutoka Bugolora. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hapo tena, ili kujua idadi ya waliopanda ilibidi kuwahesabu waliookoka na miili iliyoopolewa, kisha kujumlisha.

Sitaki kusikia kwamba tunalinganisha vitu visivyolingana, kwamba wale wanalipa maelfu ya dola na sisi tunalipa nauli ya wanyonge. Bwawa la kuogelea ni ghali. Kuandika jina si ghali. Wakala wa pesa wa simu kijijini, mwenye meza moja na mwavuli, anaandika jina, namba na kiasi kwa kila mteja tangu asubuhi hadi jioni.

Pingamizi lenye uzito linatoka kwa wafanyabiashara wenyewe, na nimelisikia zaidi ya mara moja, Mwanza, Kigoma na ng'ambo pia. Wapo wasiotaka kuandikwa. Wanasema jina likishaingia kwenye kompyuta ya meli, kesho litakuwa kwenye kompyuta ya kodi. Wengine husafiria tiketi ya mwenzao, au hupanda kama wasindikizaji na kushuka kama abiria. Naielewa hofu hiyo, lakini sikubaliani nayo. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anapewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na halipi ushuru wa forodha. Utaratibu huo una kero zake na nimeziandika mara nyingi. Hata hivyo mfanyabiashara mdogo hana sababu kubwa ya kujificha kiasi cha kukubali afe bila kuhesabiwa. Na kampuni ya meli ikitaka kumtoa hofu, iseme waziwazi kwamba orodha ya abiria ni ya usalama, na isiitumie kwa jambo jingine.

Meli mpya zimekuja na nyingine zinakuja. Iliyojengwa Mwanza ni ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Bunge la Afrika Mashariki lilikwisha kupitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria tangu mwaka 2007, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba nchi zetu hazijawahi kukaa pamoja kulizungumza ziwa. Wenye meli wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaweza kuanza na kadi moja ya msafiri wa mara kwa mara, inayotambulika katika bandari zote tatu. Mwenye kadi atoe jina mara moja tu, kisha kila safari asomwe mlangoni. Akifikisha safari kumi apate punguzo la mzigo, maana bia ya bure haitamsaidia yule mama wa dagaa. Bei ya gunia linalozidi ibandikwe gatini na kwenye sitaha, kwa Kiswahili, na risiti itoke. Kabla ya kung'oa nanga, mabaharia wawili washuke daraja la tatu na jaketi okozi mkononi, waonyeshe linavyofungwa, hata kama watu wanakula.

Kwa upande wenu, magunia yatoke njiani. Kanga zitolewe kwenye mabenchi kama mwenyewe hayupo, na dumu la petroli libaki gatini. Na wiki hii mkienda dirishani kukata tiketi, muulizeni karani jina lenu limeandikwa wapi. Akisema daraja la tatu haliandikwi majina, mwambieni aandike.