Majaliwa Hayachoti Maji

Katika maneno yote yasemwayo matangani, hapana neno likubaliwalo upesi kama hili: siku yake ilikuwa imefika. Husemwa juu ya mzee wa miaka tisini, na husemwa juu ya mtoto wa miaka mitatu aliyekufa kwa kuhara. Kwa mzee ni neno la faraja na adabu. Kwa mtoto, mara nyingi, ni pazia linalofunika sababu ambayo wote walioketi mkekani wangaliweza kuijua kama wangalitaka. Insha hii inapigana na pazia hilo. Haipigani na imani ya mtu yeyote. Aaminiye kwamba uhai na mauti vi mikononi mwa Mungu hana ugomvi nasi. Lakini imani haimruhusu mtu kunywa maji machafu kwa hiari yake, kisha akamsingizia Muumba maradhi aliyojitafutia.

Tuchukue mfano wa Kinakomba, wadi ya jimbo la Galole katika Kaunti ya Tana River. Wenyeji wake, Wapokomo wakulima na jirani zao wafugaji, wanautegemea mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Mto huo huanza katika Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ukasafiri kadiri ya kilomita 1,000 hata ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa watu wa ukingoni mto ni kisima, ni njia, ni shamba, na ni mahali pa kuogea. Watu kama hawa hawana haja ya kufundishwa nguvu ya mazoea, maana mto umekwisha kuwafundisha. Nani kati yao asiyejua jinsi Tana ulavyo ukingo? Hauli kwa siku moja. Maji hulamba udongo leo, hulamba kesho, na juu yake mgomba ungali umesimama na majani mabichi. Siku uangukapo, watu husema umeanguka leo. Kumbe ulianza kuanguka tangu mwaka jana. Na mto uo huo, baada ya mafuriko, huacha tabaka jembamba la matope yenye rutuba, tabaka juu ya tabaka, hata pakawa shamba. Mwili wa mtu hubomoka na hujengeka vivyo hivyo. Kikombe cha maji, usiku usio na usingizi, neno la uchungu lililomezwa: kila kimoja peke yake ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba huweza kuwa cha uzima au cha mauti.

Tuanze na maji. Wako watu, na baadhi yao ni wazee wenye heshima, wasemao kwamba maji yaendayo hayana uchafu, kwamba babu zetu waliyanywa wakaishi, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tuwajibu kwa adabu, lakini tuwajibu. Walioishi ndio waliobaki kusimulia. Waliokufa wachanga hawakupata wajukuu wa kuwatolea ushahidi. Maji yaendayo huchukua yote yaliyotiwa ndani yake, na kijiji cha juu kikijisaidia mtoni, kijiji cha chini hunywa kile kilichotupwa. Asili njema ni kumstahi mgeni, kusaidiana shambani na kuwatunza wazee. Kunywa kinyesi cha jirani si asili ya mtu yeyote.

Ulimwengu umelilipia somo hili kwa roho nyingi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London. Wengi walisema ugonjwa umeletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alikwenda nyumba hata nyumba, akauliza wafu walikuwa wakichota maji wapi. Majibu yalimwongoza kwenye bomba moja la Broad Street, na kwa shauri lake mpini wa bomba hilo ukaondolewa. Miaka 15 baadaye, mwaka 1869, kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu. Ugonjwa huo haujabadili tabia yake hata leo: hutoka tumboni mwa mtu, huingia katika maji au chakula, kisha huingia tumboni mwa mwingine. Aikataye njia hiyo mahali popote ameokoa watu asiowajua.

Kichocho nacho ni shahidi. Ziko nchi ambako kijana akikojoa damu ilidhaniwa kwamba amebaleghe tu. Mwaka 1851, katika mji wa Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aligundua mnyoo uletao ugonjwa huo. Mayai yake hutoka katika mkojo wa mgonjwa na kuanguliwa majini. Kizazi chake huingia katika konokono wakaao katika maji yaliyotulia, kisha hutoka humo kikapenya ngozi ya mtu aogaye au alimaye mpunga. Basi tazama, ewe msomaji, ni nani mwenye hatia. Konokono hana hatia, na maji hayana hatia. Bila mtu kukojoa majini, safari ya mnyoo huo hukatika. Maradhi haya huandikwa kwa mkono wa mwanadamu, kisha husomwa kama amri ya mbingu.

Yafaayo kutendwa yanajulikana, na mengi ni rahisi. Maji ya mto yaachwe mtungini hata tope litulie, yamiminwe yale maangavu ya juu, kisha yachemshwe mpaka yatokote. Asiye na kuni za kutosha aweza kuyatia maji yaliyokwisha kuwa maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi, akazilaza katika jua kali kwa saa 6. Miale ya jua huua vijidudu vingi. Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu sabuni ikikosekana, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Choo kichimbwe mbali na kisima, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Usiku watoto walale ndani ya chandarua, kwa kuwa tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, hakuna mwenye udhuru wa kulaumu umande.

Hapa atasimama mpinzani wa pili, naye ana hoja nzito kuliko wa kwanza. Atasema: mnamhubiria maskini. Zahanati iko mbali, kisima kimeharibika, mafuriko yamebeba choo. Tabia njema itamfaa nini? Twakubali nusu ya maneno hayo. Mafuriko ya mwaka 1997, 2018, 2023 na 2024 hayakuletwa na mtu aliyesahau kunawa mikono, wala usafi wa nyumbani hauwezi kujenga zahanati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya na ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini ni nani atakayeidai haki hiyo? Aaminiye kwamba mwanawe alikufa kwa majaliwa hana la kumwuliza mwakilishi wa wadi wala gavana. Haulizi kisima kimeachwa kibovu kwa nini, wala fedha za dawa zilitumiwaje. Kiongozi mvivu hana rafiki mkubwa kuliko neno majaliwa, maana humfutia deni bila kulipa. Achemshaye maji yake kila siku ndiye ajuaye kwa hakika kile anachokosa, na ndiye atakayesimama barazani kukidai. Tabia ya nyumbani na madai ya barazani ni kafi mbili za mtumbwi mmoja. Upigapo upande mmoja tu, mtumbwi huzunguka pale pale.

Isidhaniwe kwamba lawama yote ni ya wazee. Wako vijana waliosoma ambao wameziacha desturi mbaya pamoja na njema, kama mtu apetaye mpunga akamwaga mchele pamoja na makapi. Huona haya kushika jembe, hupanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi, huacha samaki, ndizi, embe na mboga za shambani, wakashiba soda na mandazi, na hayo wakayaita maendeleo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya watumishi wa mabasi ya London. Madereva waliokaa kutwa walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Walisafiri katika basi moja, katika barabara moja, lakini mmoja aliitumia miguu yake na mwenziwe aliikalia. Mkulima wa Kinakomba aendaye shambani kwa miguu na kulima hana haja ya kununua mazoezi, tayari anayo. Ayadharauye leo atayatafuta baadaye kwa amri ya daktari, wakati shinikizo la damu na kisukari vimekwisha kupiga hodi.

Lakini mtu si mwili peke yake. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, haikuridhika kuiita afya ukosefu wa maradhi tu; iliujumlisha uzima wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu kati ya wenzake. Na katika jambo la moyo majaliwa husingiziwa zaidi, kwa kuwa kidonda hakionekani. Bonde la Tana lina vidonda vingi vya namna hiyo. Mapigano ya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, upande wa Garsen, yaliua watu zaidi ya 100, wakulima kwa wafugaji. Mafuriko yamewahamisha watu mara kwa mara, yakawaacha wakitazama mapaa ya nyumba zao juu ya maji. Wengi wao waliambiwa neno moja tu: vumilia. Uvumilivu ni sifa, lakini kunyamaza si uvumilivu. Mwanamume aliyefundishwa kwamba machozi ni aibu huyatafutia njia nyingine. Huyazamisha katika pombe au muguka, au huyageuza kuwa ngumi juu ya mkewe na watoto wake.

Dawa ya kwanza ya uchungu ni mtu wa kuusikiliza. Mwaka 1954 daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo, huko Aro karibu na Abeokuta, alianza kuwaweka wagonjwa wa akili vijijini pamoja na jamaa zao badala ya kuwafungia. Walitibiwa hospitalini na wakaishi kati ya watu. Alijua kwamba ujirani nao ni sehemu ya matibabu. Wapokomo wasilione neno hili kuwa geni. Mahadhi ya wimbo wa taifa la Kenya, ulioanza kutumika mwaka 1963, yalitokana na wimbo wao wa kumbembeleza mtoto. Watu walioipa nchi nzima sauti ya mama amtulizaye mwanawe hawawezi kusema kwamba kuliwazana ni upuuzi.

Mazoea ya moyo hayana bei. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu imnyang'anyayo sehemu ya usiku humwibia subira na kumbukumbu ya kesho yake. Salamu kwa jirani wa kabila jingine, mazungumzo ya jioni chini ya mwembe, kumtembelea mfiwa hata baada ya matanga kuondoshwa, haya yote hulisha moyo kama uji ulishavyo tumbo. Na huzuni ikikaa wiki baada ya wiki bila kuondoka, huo ni ugonjwa wenye matibabu. Mwendee mwalimu unayemwamini au mhudumu wa afya. Kuutibu si aibu zaidi ya kutibu malaria.

Basi, ewe kijana usomaye, usijiapize kuyabadili maisha yako yote kwa siku moja, maana viapo vikubwa huvunjika upesi. Chagua zoea moja: chupa juani, sabuni mlangoni pa choo, chandarua kitandani, au simu izimwe saa 3 usiku. Lishike mpaka nalo likushike. Kisha uongeze la pili, na umfundishe mdogo wako. Na ukiwa matangani ukasikia juu ya mtoto mdogo kwamba siku yake ilikuwa imefika, usibishane na wafiwa, kwa kuwa huo ni wakati wa kufariji. Ngoja siku zipite, kisha nenda kwa heshima, uulize nyumba ile inachota maji wapi. Siku ya kufa hatukupewa kuijua. Siku ya kuchemsha maji twaijua: ni leo.