Titi Lililovimba Lisitibiwe kwa Mazoea

Mama akija zahanati na titi lililovimba, jekundu na la moto, sisi waganga hufikiri neno moja tu: jipu. Mara nyingi ni kweli, hasa kama ananyonyesha. Tunampa dawa za kuua vijidudu, na baada ya siku chache anapona. Ubaya ni kwamba tumezoea mno.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alinijia mama ambaye mtoto wake wa mwisho alikwisha anza shule. Titi la kushoto lilikuwa limevimba. Nilimpa dawa za siku 7. Aliporudi hajapona nikampa nyingine, kisha sindano. Hakuwa na homa, wala usaha haukuonekana. Ngozi ya titi ilikuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Niliviona, sikuvitilia maanani. Sikujiuliza hata swali jepesi: asiyenyonyesha, jipu hili limetoka wapi? Alifika hospitali ya wilaya mwezi wa tatu, tezi za kwapani zimekwisha vimba. Ilikuwa saratani.

Iko saratani ya matiti ambayo mara nyingi haina kile kivimbe kigumu tunachowafundisha akina mama kukitafuta kwa vidole. Chembe zake huziba mirija midogo ya ngozi ipitishayo maji ya mwili, titi likavimba kwa muda wa wiki chache tu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pengine ni weusi uliozidi, au rangi ya zambarau. Si ya kawaida, lakini huenda mbio, na hata anayenyonyesha huweza kuipata.

Kwa maoni yangu, dawa za mara ya pili zisitolewe zahanati. Titi lisilopona baada ya siku 7 hadi 10 za dawa, mgonjwa aandikiwe barua ya hospitali, akatwe kipande kidogo cha ngozi na nyama kikapimwe. Ikiwa ni saratani hii, kisu hakitangulii: huanza dawa za saratani, ndipo upasuaji, kisha mionzi, kama ile itolewayo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Wengine watasema nauli ni ghali. Najua. Lakini mume wa mama yule aliuza mbuzi ili kununua dukani dawa nilizoandika mimi. Fedha hizo zingetosha nauli.

Nawe mama, ukipewa dawa tena kwa titi lile lile, usione haya. Mwambie mganga akuandikie barua.