Neno la Mhariri: Tuanzie Mkiani

Mwanafunzi wa biolojia wa kidato cha sita akiulizwa seli inadhibiti vipi jeni zake, atajibu kwa habari za kuwasha na kuzima: jeni hii inanukuliwa kuwa mRNA, ile imefungwa. Hajakosea. Ila jibu lake linakomea mlangoni pa kiini cha seli, na yanayotokea nje ya mlango huo ndiyo yaliyotufanya tuyatengee toleo zima. mRNA ikishatoka, nani anaamua ifanye kazi dakika kumi au siku nzima? Nashikilia kwamba swali hili lina uzito ule ule wa lile la kwanza, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulishughulikia: kiumbe anayelijibu waziwazi kuliko wengine anaishi katika damu ya ng'ombe wetu.

Karibu kila mRNA katika seli zenye kiini huongezewa mwishoni mnyororo wa adenini tupu. Kwa mamalia mnyororo huo hufikia adenini 200 hivi. Hakuna DNA iliyouandika. Kimeng'enya huuongeza baada ya unukuzi. Mwaka 1971 maabara za Mary Edmonds, James Darnell na George Brawerman ziliutangaza karibu kwa wakati mmoja. Mkia huu hushikwa na protini zake maalumu, nazo hushikana na zile zilizo kwenye kofia, upande wa pili wa mRNA, na ribosomu zikapata wepesi wa kuanza kazi. Kisha huja wakataji. PAN2 na PAN3 hutangulia, na kundi kubwa liitwalo CCR4-NOT huendeleza. Mkia hupungua kama utambi wa koroboi. Ukibaki mfupi mno, protini zilizoushika huachia, kofia hukatwa, na kimeng'enya XRN1 huila mRNA kuanzia kichwani.

Utamu wa habari hii uko kwenye kasi. Baadhi ya mRNA hubeba, karibu na mkia, alama zinazowaita wakataji. Ile ya c-fos hutoweka kwa dakika chache, ilhali ya globini hudumu saa nyingi. Mwaka 1996 ilitangazwa habari ya panya waliokosa protini iitwayo tristetraprolini, ambayo huwaelekeza wakataji kwenye mRNA ya TNF, mchochezi mkubwa wa uvimbe mwilini. Panya hao walikonda na viungo vyao vikavimba. Jeni ya TNF yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Ujumbe wake tu ulichelewa kufutwa.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba mkia mrefu ni protini nyingi. Kwenye yai, hilo ni kweli: mRNA huwekwa akiba zikiwa na mikia mifupi, zikalala kimya, na mikia ikirefushwa yai linapopevuka, zinaanza kutafsiriwa. Lakini mwaka 2014 maabara ya David Bartel nchini Marekani ilionyesha kwamba uhusiano huo, ulio imara katika kiinitete kichanga, hufifia kadiri kiinitete kinavyokua. Kanuni ya yai isibebwe mzimamzima hadi kwenye ini. Vitabu vingi vya kufundishia bado vinafanya hivyo, nami naona ni uvivu.

Sasa tumfikie kimelea. Trypanosoma brucei, anayeenezwa na mbung'o na kusababisha malale kwa watu na nagana kwa mifugo, amepangiwa jeni zake kwa namna ya ajabu. Makumi ya jeni hunukuliwa pamoja kwa mkupuo, halafu kila moja hukatwa na kupewa kichwa na mkia wake. Swichi ya jeni mojamoja, ile anayoijua mwanafunzi wetu wa kidato cha sita, karibu haipo. Hata hivyo kimelea huyu hutoka kwenye damu yenye joto la mnyama akaingia kwenye utumbo wa mbung'o, akabadilisha koti lake la protini na namna anavyopata nishati. Anaweza vipi? Kwa sehemu kubwa, kwa kuchagua mRNA ipi idumu na ipi ifutwe. Akinyimwa CAF1, mkataji mkuu wa mikia, hakui.

Koti la kwenye damu hutengenezwa kwa mRNA ya VSG, iliyo nyingi kuliko nyingine yoyote katika seli hiyo. Mwaka 2022 watafiti wa Lisbon walionyesha kwamba mkia wake una adenini zilizobandikwa methili, na kwamba alama hiyo huulinda: sharti iondoke kwanza ndipo mkia ukatwe. Kimelea anayehepa kinga ya mwili kwa kubadilisha koti analilinda koti hilo kwa kulinda mkia.

Anayeyaona haya kuwa mambo ya maabara tu aitazame acoziborole. Dawa hii humezwa mara moja, na matokeo ya jaribio lake kwa wagonjwa 208 wa Kongo na Guinea yalichapishwa mwaka 2023. Kati ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika hatua ya mwisho, kama 95 katika kila 100 walihesabiwa kuwa wamepona baada ya miezi 18. Inafanya nini? Inakizuia CPSF3, kimeng'enya kinachokata mRNA changa ili mkia uwekwe. Jaribio hilo lilihusu malale ya gambiense. Malale ya Tanzania na Malawi ni ya rhodesiense, na swali la dawa hiyo kwa aina yetu linapaswa kuulizwa kwa sauti kubwa hapa kwetu.

Chanjo nazo zimo. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech ina mkia uliogawanywa: adenini 30, kiungo kifupi, kisha adenini 70. Tangu BioNTech ilipozindua kiwanda chake Kigali, Desemba 2023, urefu wa mkia umekuwa suala la kiwandani Afrika Mashariki pia.

Ndugu mhadhiri, mada hii isisubiri wiki ya mwisho ya muhula. Kipimo cha urefu wa mkia kwa njia ya PCR kinahitaji RNA safi, vimeng'enya vya kawaida na jeli, vitu ambavyo maabara nyingi za vyuo vyetu tayari zinavyo. Mpe mwanafunzi wako mmoja kazi hiyo muhula ujao, kisha tuletee matokeo. Tutayachapisha.