Mgodi Uliofungwa Mtoto Akiwa Bado Shuleni

JICHO LA USUKUMANI
Na Kulwa Masanja



Mchukue mtoto wa Kahama aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2009. Mwaka huohuo, pembeni mwa mji wake, mgodi wa Buzwagi nao ulianza kutoa dhahabu. Mtoto akahitimu darasa la saba mwaka 2015, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2019, akaingia kidato cha tano mwaka 2020. Mwaka 2021, mtihani wa kidato cha sita ukiwa bado uko mbele yake, mgodi ukafungwa.

Tulawaka, kule Biharamulo, umri wake ulikuwa mfupi zaidi. Ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji akaukabidhi kwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Miaka minane humtoa mtoto darasa la kwanza hadi kidato cha kwanza, basi.

Nayaleta mahesabu haya kwa sababu ya mzazi mmoja tuliyekutana stendi ya Shinyanga. Ana makarasha mawili ya kusaga mawe upande wa Geita, na kijana wake amepangiwa tahasusi ya HGL. "Mwalimu," akaniambia, "historia, jiografia na Kiingereza vitamsaidia nini mtoto wa duarani? Si bora nimtoe, ajifunze kuendesha mtambo?" Basi langu lilikuwa linaondoka, nikamjibu mbiombio kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Jibu la kwenye khanga hilo. Alicheka, na alikuwa na haki ya kucheka.

Leo nampa jibu lenyewe, na naanzia anakokufahamu yeye.

Mawe yakishapanda kutoka duarani, yaani shimoni, kuna mgawo. Yupo mwenye leseni, mwenye shamba, mwenye duara, na wapo wachimbaji walioshuka chini. Kila mmoja ana fungu lake, na mrabaha wa serikali unakatwa sokoni. Nimewaona vijana wenye misuli ya kupasua mwamba wakipokea viroba pungufu, kwa kuwa karatasi waliyoitia dole gumba hawakuielewa. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, ndiyo kabisa. Hapo nguvu za mikono hazikuwasaidia. Waliangushwa na hesabu za asilimia na lugha.

Twende mialoni, kunakochenjuliwa dhahabu. Dhahabu inanaswa kwa zebaki, zebaki inachomwa, dhahabu inabaki. Zebaki yenyewe imekwenda wapi? Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mama anayechoma jirani na jiko la ugali anauvuta yeye, na mwanawe mgongoni anauvuta. Mwalimu wa kemia atakwambia ni sumu, nawe utaitikia na kuendelea na kazi. Anayekushtua ni mwalimu wa historia, maana yeye atakupeleka Minamata, mji wa pwani nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Samaki wakaibeba, watu wakawala samaki. Ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, watu walikuwa wanatetemeka, wanapoteza uwezo wa kuona na kusema, na kuna watoto waliozaliwa nao. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania nayo imo, umepewa jina la mji huo. Sisi tunaokula sangara na dagaa wa Ziwa Victoria tusiseme hiyo ni historia ya Wajapani.

Basi, ndugu yangu wa makarasha, somo la zebaki ni kemia, ni jiografia, ni historia. Ukimfundisha mtoto kipande kimoja tu, umemfundisha nusu ya hatari.

Kuna wanaoniambia mtoto achague njia mapema asipoteze muda. Nawapeleka Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. John Williamson, Mkanada aliyeigundua almasi ile mwaka 1940, alikwenda Chuo Kikuu cha McGill kusoma sheria. Wakati wa likizo akasafiri na watu wa jiolojia hadi Labrador, akayapenda mawe, akabadili masomo, akaishia na shahada ya uzamivu. Wangekuwa wamemwambia kwamba yeye ni mtu wa sheria na mawe hayamhusu, almasi ya Mwadui ingemngoja mtu mwingine. Kwetu ni wangapi walioambiwa wakiwa kidato cha pili, "Wewe si wa sayansi," wakaamini hadi leo? Na ni wangapi wa sayansi ambao tangu siku hiyo hawajafungua riwaya?

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote hauna dhahabu wala almasi ndani yake. Wenye umri wangu wanaikumbuka Shinyanga ya miaka ya 1980: misitu ilikuwa imefyekwa kuwaua mbung'o na kupisha pamba, ng'ombe wanatafuna vumbi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wakaja na vitalu na miche ya kigeni, wakafanya bidii, na ardhi haikuwaitikia sana. Mambo yalibadilika walipowasikiliza wazee. Wazee walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate kitu kiangazi. Desturi hiyo nayo ilikuwa imedhoofika tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji miaka ya 1970. Wataalamu na wazee wakakaa pamoja, dagashida, baraza la jadi, ikaweka sheria, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Hadi mradi unamalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerejea kwenye mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sayansi ya misitu peke yake ilikwama. Mila peke yake ilikuwa imelala. Miti ilirudi pale bwana misitu alipokubali kuwa mwanafunzi wa mila, na mzee akakubali kuhesabiwa hekta.

Siupingi mkondo wa amali uliomo kwenye sera ya elimu iliyozinduliwa na Rais Samia mwaka 2025. Fundi mzuri ni hazina, na ukanda huu unawataka. Nafurahi pia kwamba tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, maana milango imekuwa mingi. Hofu yangu ni sisi wenyewe: tusije tukaifanya amali kuwa kapu la walioshindwa, na masomo ya jumla kuwa ya wasiotaka kuchafua mikono. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka jembe na kitabu vikae kwenye mikono ileile. Tumekuwa hodari wa kuvitenganisha.

Halmashauri zetu zina nafasi. Sheria inayataka makampuni ya madini yaweke kila mwaka mpango wa kuchangia jamii, na halmashauri ndizo zinazouridhia. Mara nyingi fedha hizo zinageuka madarasa, nasi tunapiga makofi. Safari ijayo, madiwani wa Geita, Kahama, Msalala na Mbogwe waulize pia ndani ya kuta hizo kuna nini: kuna maabara inayofanya kazi? Kuna kabati la riwaya na ramani? Bati likikosa vitabu chini yake, tumejenga kivuli tu.

Nawe, mzazi wa stendi, mwache kijana aende HGL. Wakati wa likizo mpeleke kwenye makarasha, ashike koleo, ajue jasho linalomlipia ada ya maisha. Umwambie pia kwamba HGL si ruhusa ya kuikimbia kemia. Na jioni moja, mmekaa mialoni, akikuuliza mvuke wa zebaki ile unaishia wapi, usimwambie anyamaze amalize kazi. Mkae mjibizane. Swali hilo ndilo ulilomlipia.