Vioo vya stesheni ya bustanini

Binti yetu mmoja aishiye Uingereza ametuandikia habari ya mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Kijana na babake wamejenga bustanini stesheni ya mbao kwa ajili ya garimoshi lao la mfano, la aina ile kubwa ambayo kampuni ya LGB ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuiuza mwaka 1968, lipitalo juu ya njia yenye upana wa milimita 45. Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Siku ya mwisho wakagandisha vioo vya plastiki kwa supaglu, na asubuhi wakayakuta madirisha yote yamefunikwa ukungu mweupe. Tangu hapo kijana hataki hata kuitazama.

Mwambie, binti yetu, kwamba mkono wake haukukosea. Gundi ile inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ndio ulioganda juu ya plastiki. Atumie silikoni isiyo na rangi, nayo atie vioo mwisho kabisa, rangi ikishakauka.

Hata plastiki yenyewe tungependa aibadili. Umesema ni polistirini. Hiyo yafaa ndani ya nyumba, lakini juani hugeuka manjano na kukatika. Jengo lisiloondoka mahali pake tunalichagulia akriliki ya milimita 2, kwani hustahimili jua kwa miaka mingi. Huchorwa mstari kwa kisu mara kadhaa, kisha ikavunjwa ukingoni mwa meza, na hapo babake ndiye ashike kisu. Waache nafasi kidogo pembeni, maana hutanuka kwa joto.

Mabehewa ni jambo jingine. Hubebwa, hugongana, huanguka, na akriliki ikianguka hupasuka. Huko tunapendelea polikaboneti ya milimita 1, iliyopakwa kinga ya jua. Isiyo na kinga nayo hugeuka manjano.

Kioo halisi hakichakai wala hakikwaruziki upesi, lakini hatukushauri, kwa kuwa mdogo wake hucheza bustani hiyohiyo miguu mitupu.

Kuoshea, maji na sabuni tu. Spiriti huitia akriliki nyufa.

Na vile vioo vyenye ukungu asivitupe vyote. Stesheni nyingi huwa na choo, na dirisha la choo hutiwa kioo cha namna hiyohiyo.