Hutuzwa au Hutunzwa? Maoni Kuhusu Kazi ya Mchezaji wa Mpira wa Wavu wa Ufukweni



Juma lililopita nilikuwa nikifundisha methali katika darasa la mwaka wa tano wa sekondari. Tulipofikia ile isemayo "Mcheza kwao hutunzwa," msichana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. Alisema kwamba katika kitabu kimoja amesoma "hutunzwa" na katika kingine "hutuzwa," naye alitaka kujua neno lipi ni sahihi. Nilimjibu kwamba yote mawili hutumika, kisha nikaendelea na somo.

Kengele ilipolia alinifuata hadi mlangoni. Msichana huyo ni mchezaji hodari wa mpira wa wavu. Kocha mmoja alikuwa amemwona akicheza, akamshawishi aache masomo kwa muda, aende kufanya mazoezi na mwenziwe kwenye mchanga wa Ziwa Kivu, ili siku moja awe mchezaji wa kulipwa wa mpira wa wavu wa ufukweni. Baba yake alikataa katakata. Alimwambia, "Mchanga wa kujengea nyumba ninaujua, mwanangu. Mchanga wa kulia chakula siujui." Basi binti akaniuliza: "Mwalimu, mimi nitakuwa ninacheza kwetu. Nani atanitunza?"

Nilimjibu kwa haraka, kama sisi walimu tuzoeavyo kujibu: soma kwanza, mchezo si kazi. Tangu siku ile jibu langu limekuwa likinisumbua. Nusu yake ilikuwa kweli, na nusu yake ilikuwa uvivu wa kufikiri. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, na kuwajibu pia ninyi mlio na ndoto kama yake.

Tuanze na lugha, maana ndiyo iliyotukutanisha. Katika methali hii, kucheza ni kucheza ngoma. Mchezaji akicheza vizuri mbele ya watu wake, watazamaji hujitokeza, mmoja akambandika noti kwenye paji la uso, mwingine akamvika kanga begani. Huko ndiko kutuza, na kutokana na kitenzi hicho tumepata neno "tuzo." Kutunza kuna maana hiyohiyo ya kutoa zawadi, lakini kuna maana nyingine iliyo nzito zaidi: kulea, kulinda, kuangalia kitu kisiharibike. Mtu hutunza mtoto, hutunza shamba, hutunza mgonjwa. Kutuza humalizika ngoma inaponyamaza. Kutunza huendelea hadi kesho yake asubuhi, wakati mchezaji anapoamka miguu ikimuuma.

Maoni yangu ni haya: jamii zetu zimejifunza kuwatuza wanamichezo, lakini bado hazijajifunza vya kutosha kuwatunza. Na hakuna mchezo unaolionyesha jambo hili waziwazi kama mpira wa wavu wa ufukweni.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Uwanja ni wa mchanga, wenye urefu wa mita 16 na upana wa mita 8. Kila upande una wachezaji wawili tu. Katika mpira wa wavu wa ukumbini, wachezaji 6 huwa uwanjani na wenzao hukaa benchi wakingoja zamu. Ufukweni hakuna benchi la akiba. Mmoja akiumia asiweze kuendelea, wote wawili wametoka mashindanoni. Kwa hiyo goti la mmoja ni riziki ya wawili.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Wachezaji wengi wa ukumbini huajiriwa na klabu, na mshahara, ukiwapo, huja mwisho wa mwezi. Mchezaji wa ufukweni hutegemea zaidi zawadi za mashindano, ambazo hugawanywa kati ya wawili, pamoja na fedha za wadhamini. Ili aingie katika mashindano makubwa anahitaji alama za viwango. Ili apate alama anahitaji kusafiri na kushindana mara kwa mara. Na ili asafiri anahitaji fedha ambazo bado hajazishinda. Anayeishi karibu na mashindano mengi huukwea mlima huo kwa ngazi. Anayeishi mbali huukwea kwa kucha.

Msidhani kwamba ugumu huo uko kwetu tu. Mmoja wa wachezaji mashuhuri kupita wote katika mchezo huu ni Mmarekani Karch Kiraly, aliyezaliwa mwaka 1960. Baba yake alikuwa mkimbizi kutoka Hungaria, na ndiye aliyemfundisha mpira huo tangu utotoni. Akiwa na umri wa miaka 11 alishiriki mashindano yake ya kwanza ya ufukweni, na mwenziwe uwanjani alikuwa baba yake huyo. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki ukumbini mwaka 1984 na tena mwaka 1988. Mwaka 1996, mpira wa wavu wa ufukweni ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Atlanta, alitwaa dhahabu ya tatu pamoja na Kent Steffes. Alishinda mashindano 148 ya ufukweni, akajipatia zawadi za zaidi ya dola milioni 3, na hakustaafu hadi mwaka 2007, akiwa na miaka 46.

Hapo ndipo wengi huishia wanaposimulia habari zake. Mimi nawaomba mwangalie na upande wa pili. Kiraly alisoma chuo kikuu cha UCLA, akahitimu shahada ya biokemia, huku akicheza. Baada ya kustaafu aligeukia ukocha, na timu ya wanawake ya Marekani aliyoifundisha ikatwaa dhahabu katika Michezo ya Tokyo. Tena, hata huko Marekani, chama kilichoendesha mashindano ya kulipwa, AVP, kilifilisika mwaka 1998, na mwaka 2010 kilisimamisha shughuli zake msimu ukiwa bado haujakwisha. Ikiwa katika nchi tajiri yenye fukwe za California mchezaji anaweza kuamka asikute mashindano, je, mchezaji wa kwetu?

Sasa turudi nyumbani. Rwanda haina bahari, ila ina Ziwa Kivu, na mwaka 2019 mji wa Rubavu uliandaa mashindano ya mzunguko wa dunia kwenye mchanga wa ziwa hilo. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Olivier Ntagengwa na Venuste Gatsinzi walifika nusu fainali, wakamaliza wakiwa wa nne baada ya kufungwa na Waingereza katika mchezo wa kuwania shaba. Wa nne kati ya mataifa yote yale, wakitoka katika nchi isiyo na bahari! Lakini wa nne hapandi jukwaani, wala havikwi nishani.

Jirani zetu wa Kenya wana habari inayofanana na hiyo. Brackcides Agala alikwisha kuichezea timu ya taifa ya ukumbini kabla ya kuhamia mchangani. Yeye na Gaudencia Makokha waliipatia Kenya tiketi yake ya kwanza ya Olimpiki katika mpira wa wavu wa ufukweni. Walikwenda Tokyo mwaka 2021, wakapambana na Wabrazili, Wamarekani na Walatvia, wakapoteza michezo yote mitatu. Anayehesabu nishani ataona sifuri. Mimi naona wanawake wawili waliofungua mlango uliokuwa umefungwa, ili mabinti watakaowafuata wakute umeachwa wazi.

Ukimtazama mwanamichezo kwa jicho la tuzo tu, wanne hawa hawana haki ya kitu chochote. Ukimtazama kwa jicho la kutunza, swali linabadilika. Huulizi tena, "Wameleta nini?" Unauliza, "Walipovaa bendera yetu, sisi tuliwabebea nini?"

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi la haki. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia kwamba zahanati ya kijijini kwao ina upungufu wa dawa. Kwa nini fedha za umma ziende kwa watu wanaorusha mpira juu ya wavu? Simpuuzi. Wala sidai kwamba serikali ilipe mshahara kila kijana anayependa mchezo. Ninayoyaomba ni madogo, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kijana asiondolewe darasani kwa ahadi ya mdomo; pawepo mkataba wa maandishi, katika lugha anayoielewa yeye na wazazi wake. Pili, anayeumia akiwa katika mazoezi au mashindano ya timu ya taifa atibiwe hadi apone, hata kama hatacheza tena. Tatu, ratiba ya mazoezi iandaliwe pamoja na shule, ili mchezo usile masomo. Nne, zawadi na fedha za wadhamini zigawanywe hadharani, kila mtu ajue fungu lake.

Hayo si mambo ya michezo peke yake. Ni mambo yaleyale tunayofundishana kila siku katika elimu ya uraia: mkataba, bima, uwazi, haki ya mtoto kusoma. Fundi hupewa chakula akiwa kazini, na akianguka kutoka kwenye jengo hatuulizi kwanza kama ukuta wake ulikuwa mzuri. Mchezaji naye anafanya kazi. Akiuchezea mwili wake kwa ajili yetu, basi mwili huo nao unatuhusu.

Kuna sheria moja ya mchezo huu ambayo ningependa kila raia aijue. Katika seti mbili za kwanza, kila jumla ya alama za pande zote mbili inapotimia 7, timu hubadilishana uwanja; katika seti ya tatu hubadilishana kila alama 5. Sababu ni upepo na jua. Upande mmoja upepo husukuma mpira nje, upande mwingine jua humpiga mchezaji machoni. Waliotunga sheria hawakusema, "Hiyo ni bahati yako, vumilia." Walitambua kwamba ustadi hauwezi kupimwa kwa haki ikiwa mmoja ataachiwa upepo mbaya tangu mwanzo hadi mwisho. Hawakuweza kuuzuia upepo, lakini waliweza kuugawa.

Ningependa taifa lijifunze hapo. Hatuwezi kuileta bahari Kigali, wala kuyasogeza mashindano ya Ulaya yawe karibu nasi. Lakini tunaweza kuugawa upepo: kijana asibebe peke yake hatari zote za kazi ambayo faida yake ya heshima tunaigawana sote. Timu ikishinda tunasema "tumeshinda." Basi goti likivunjika tuseme pia "tumevunjika."

Na sasa jibu langu jipya kwa mwanafunzi wangu. Mwanangu, nilikosea niliposema kwamba mchezo si kazi. Ni kazi, tena ngumu, na wenye uwezo wa kuiishi ni wachache. Kwa sababu ni kazi, iulizie maswali ya kazi. Nitalipwa nini? Nikiumia, nani atanitibu? Nitamalizaje masomo yangu? Mkataba uko wapi? Asiyetaka kukujibu hayo huenda anataka kukutuza tu, naye hatakuwapo ngoma itakaponyamaza. Na baba yako hakuwa adui wa ndoto yako. Alikuwa wa kwanza kuuliza habari ya chakula, na kuuliza hivyo ndiko kutunza.

Jumatatu nilimwambia hayo. Alinijulisha kwamba baba yake amelegeza msimamo kidogo: anamruhusu kwenda ziwani siku za Jumamosi, ila kuacha shule hataki kusikia mpaka aone karatasi yenye saini. Kocha ameombwa alete karatasi hiyo. Mpaka leo ninapoandika, haijaletwa. Kesho binti atakuwa darasani, na nimemwekea swali la insha: jadili tofauti kati ya kutuza na kutunza. Nadhani ataliandika vizuri kuliko mimi.